Naombeni ushauri: chunusi zimerudi kwa kasi baada ya kuacha mkorogo, nianzie wapi?

Binti wa Raskazone

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 24, naishi Tanga, ngozi yangu ni ya mafuta na chunusi ninazo tangu kidato cha pili. Mwaka jana shoga yangu wa kazini alinipeleka kwa mama mmoja anayechanganya krimu mwenyewe, nikauziwa kikopo kwa 15,000. Hakina jina wala lebo, kifuniko kimezungushiwa selotepu, ndani krimu ya njano laini kama siagi iliyoachwa juani. Wiki 2 tu chunusi zote zikakauka, uso ukateleza. Nikanunua cha pili, nikafika cha tano.

Nilipaka kila usiku kwa miezi 8. Mwezi uliopita kikaisha na yule mama amesafiri. Siku ya 4 uso ukaanza kuwaka, nikinawa maji ya kawaida nasikia kama nimepakwa pilipili. Vikafuata vipele vidogo mashavuni na kuzunguka mdomo, na kidevuni uvimbe unaouma hata nikilalia mto. Kila kinachopona kinaacha doa jeusi. Nimejaribu limau, kolgeti, manjano na asali. Limau ndiyo limenibabua kabisa.

Naomba mnipangie vitu vya kupaka asubuhi na usiku, bajeti yangu ni ndogo. Sasa hivi ni mwezi wa 8, mwezi wa 12 dada yangu anaolewa na sitaki kushinda jikoni nikikwepa picha.

Mama Tatu

Pole sana mwanangu. Limau liache leo hii, kolgeti ibaki ya meno. Na mikono, mwanangu, mikono! Usitumbue hata kimoja. Mimi madoa yangu ya shavu la kushoto niliyatengeneza kwa kucha zangu mwenyewe, yamechukua zaidi ya mwaka kufifia.

Shost Makorora

Mimi ningekushauri urudie hiyo krimu mpaka harusi ipite, halafu ndiyo uache taratibu. Bibi harusi ni dada yako, picha zinakaa milele.

Mdau wa Famasi

Hapana dada, huo ushauri utamuumiza. Nimekaa dirishani duka la dawa miaka 9, nasikia habari hii karibu kila wiki. Krimu isiyo na lebo inayokausha chunusi kwa wiki 2 na kung'arisha uso, mara nyingi ina steroidi kali ndani yake, na pengine haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Steroidi inazima uvimbe, ndiyo maana uso unatulia haraka. Ila ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, inaota chunusi za steroidi yenyewe, na siku ukiacha inawaka kama ulivyoeleza. Akirudia, ataongeza miezi kwenye deni lilelile.

Binti, kwanza nenda hospitali. Anzia Bombo, ulizia mtaalamu wa ngozi. Nenda na kikopo hata kama ni kitupu, akione. Mtu aliyepaka kila siku miezi 8 anaweza kuhitaji kupunguziwa kwa utaratibu au kupewa dawa ya kumvusha, na hilo halipangwi mtandaoni.

Wakati unasubiri, uso uupumzishe. Vitu 3 tu: cha kunawia kisicho na manukato wala chembe za kusugua, losheni nyepesi, na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye namba ya kinga SPF 30 au zaidi, asubuhi. Cha kunawia tumia mara 2 kwa siku, basi. Ngozi ina asidi kidogo kwa asili, na sabuni nyingi za kipande zina magadi, ndiyo maana ukimaliza kunawa unasikia uso umekaza. Mafuta ya nazi weka kwenye nywele, usoni yanaziba vinyweleo. Na sanskrini usiione ya Wazungu. Hayo madoa jua linayakoleza kila siku unayosimama kituoni.

Kuwaka kukiisha, na mtaalamu akikubali, ndipo unaongeza dawa ya chunusi, moja kwa wakati. Jeli ya adapalini 0.1% usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Anza siku 2 au 3 kwa wiki. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuongezeka, usikate tamaa, ipe wiki 8 hadi 12. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto usiiguse, ulizia asidi ya azelaiki, ambayo inasaidia na madoa pia. Benzoili peroksaidi nayo ni nzuri, chukua ya 2.5% badala ya 10%, inafanya kazi karibu sawa na haichomi sana. Ila inapausha rangi ya kitambaa, kwa hiyo tandika foronya nyeupe tu. Yangu ya bluu ilibaki na duara jeupe pale shavu linapolala.

Kijana wa Pikipiki

Nyongeza ndogo. Mimi vipele vyangu vilikuwa paji la uso, vidogo, vinalingana vyote na vinawasha. Nikanywa antibayotiki wapi, vikazidi. Kumbe ilikuwa fangasi ya vinyweleo, joto na jasho la helmeti. Nilipewa dawa ya fangasi, nikaanza kufua kitambaa cha ndani ya helmeti. Dada, vyako vinawasha au vinauma?

Binti wa Raskazone

Ahsanteni sana, nimesoma hadi machozi yamenitoka. Kaka, haviwashi, vinachoma. Vya kidevuni vinauma.

Mama Tatu

Nikuulize kama mama: hedhi yako inakuja vizuri? Na je, umechoma sindano ya uzazi au kuweka kijiti?

Binti wa Raskazone

Situmii njia yoyote. Hedhi inaweza kupita miezi 2 bila kuiona, na nina vinywele kidevuni nanyoa. Sikuwahi kufikiri vinahusiana.

Mama Tatu

Mwambie daktari hayo yote, usione haya. Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo, akapaka kila kitu cha dukani bila nafuu. Alipopimwa ikaonekana ni homoni, ana vifuko kwenye ovari. Alipoanza dawa yake ndipo kidevu kikatulia.

Wa Moshi

Bombo wakiona inahitajika watakupa rufaa KCMC, hospitali kubwa ya huku Moshi. Pale kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosomea pale wamesambaa hospitali nyingi za mikoa. Usiogope kuuliza.

Binti wa Raskazone

Mrejesho: nimeenda leo. Daktari alikinusa kikopo, akakipaka kidogo kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Hakunigombeza, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Amenipa dawa ya wiki 6, ameandika vipimo vya homoni na utrasaundi, na adapalini kasema tungoje kwanza.

Swali langu la mwisho. Mimi naswali, natia udhu mara 5. Hayo maji si yananiharibia? Na sanskrini inabaki kweli?

Mdau wa Famasi

Maji matupu hayana neno. Usitumie cha kunawia kila udhu, asubuhi na kabla ya kulala inatosha. Futa kwa kukandamiza kitambaa laini cha kwako peke yako, usisugue, halafu losheni kidogo kama uso umekauka. Sanskrini paka baada ya alfajiri kabla hujatoka, na rudia baada ya udhu wa adhuhuri, maana ya asubuhi itakuwa imeshaondoka kwa maji na jasho. Kipimo ni vidole 2, mstari mzima kila kidole, kwa uso na shingo. Ukiona inakuachia weupe, tafuta ya jeli.