Babu wa babu wa mume wangu alikuwa mkulima Nebraska, Marekani, tunaanzia wapi kumtafuta?

Mama Atu, Tukuyu
Wakuu habari za jioni. Mume wangu ni Mmarekani, sasa juzi Atu kamuuliza bibi yake wa huku habari za ukoo, bibi kamtajia mababu saba bila kupumua na makaburi kamuonyesha nyuma ya migomba, mtoto akamgeukia baba yake, baba kaishia kwa babu wa babu yake tu, eti Mjerumani alilima Nebraska miaka ya 1870, basi. Jina analo, sehemu hajui. Nauli ya kwenda kufukua makaratasi Marekani hatuna. Kuna aliyewahi kufuatilia?

Kijana wa Uyole
Dada hao kwa mdomo hawana kitu ila karatasi wanazo balaa. Ingia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, bure, unajiandikisha tu. Sensa yao kila miaka 10 toka 1790, ila mpaka 1840 wanaandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Anza na ya 1880, inaonyesha nani ni nani ndani ya nyumba na wazazi wao walizaliwa nchi gani. Jaribu spelingi za ajabu ajabu maana karani aliandika alivyosikia.

Tulizo
Hiyo ni raha ya wazungu. Weusi waliokuwa watumwa sensa za 1850 na 1860 wameandikwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, majina yao mpaka 1870 ndo yanaonekana.

Mama Atu, Tukuyu
Kweli Tulizo, inauma. Jamani 1880 tumempata, na mke na watoto! Ila 1890 hayupo, kafa?

Mzee wa Makete
Hajafa mwanangu, sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington 1921. Bahati yenu Nebraska walihesabu tena 1885, itafuteni hiyo. Halafu 1880 kulikuwa na daftari la kilimo pembeni, humo utakuta ekari, nguruwe, mpaka siagi na mayai.

Ila utamu uko kwenye ardhi. Sheria ya 1862 ilikuwa inampa mtu ekari 160 akikaa miaka 5, ajenge na alime, na mgeni aliruhusiwa mradi ametangaza nia ya kuwa raia. Hati iko onlaini bure kwenye tovuti ya ofisi ya ardhi ya serikali yao, ila hati ni kavu, agizeni faili lenyewe hifadhi ya nyaraka ya taifa Washington, humo kuna ukubwa wa nyumba, shamba alilolima, majirani waliomshuhudia na karatasi za uraia. Kuanzia 1873 ulikuwa unapewa ardhi hata kwa kupanda miti, watu wa Mufindi wangetajirika. Kama hayupo huenda alinunua kwa kampuni ya reli, basi ulizeni kaunti, yaani kama wilaya yao.

Mama Atu, Tukuyu
Asante sana baba, ndaga fijo. Hati tumeiona, ila shamba limeandikwa SE robo ya seksheni fulani, ndo nini?

Kijana wa Uyole
Walipima nchi kwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640, huo ndo seksheni. Lake ni robo ya kusini mashariki, ekari 160. Tafuta namba zilizoandikwa kwenye hati kwenye ramani ya kaunti, muonyeshe Atu kwa picha za setilaiti.