Habari ikikosewa mtandaoni: irekebishwe kimya kimya, au msomaji aambiwe?

Wadau, hebu tulijadili hili. Wapo wanaosema kosa likionekana kwenye habari ya mtandaoni lirekebishwe papo hapo, basi, hakuna haja ya kulitangaza. Mimi napinga.

Mwezi uliopita nilisoma kwenye tovuti moja kwamba watu 40 wamelazwa baada ya kula chakula chenye sumu. Nikaiandika namba ile kwenye kundi la familia, na linki nikaweka. Jioni shangazi akafungua linki, akakuta watu 14. Kichwa cha habari kile kile, picha ile ile, hata saa ya kuchapishwa haijabadilika. Akaniandikia: "Mwanangu, hiyo 40 umeitoa wapi?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Aliyekosea ni mhariri, aliyeonekana mwongo ni mimi. Na waliosoma asubuhi wakaendelea na shughuli zao, wengi wao mpaka leo wanaamini ni 40.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito: ukilirudia kosa ndani ya sahihisho, unalisambaza upya. Kwa tuhuma dhidi ya mtu nakubali, kuirudia neno kwa neno ni kumchafua mara ya pili. Iandikwe tu kwamba toleo la awali lilimhusisha na tukio hilo kimakosa. Herufi iliyoruka nayo irekebishwe bila kelele. Lakini jina, namba, tarehe, nani kasema nini, hayo lazima tuambiwe: kipi kilikosewa na lini kimerekebishwa. Tena juu kabisa ya habari, maana huko chini wengi hatufiki.

Kuna wanaohofia kwamba kukiri kutawapotezea wasomaji. Mwaka 1920 gazeti la Marekani la New York Times lilimkejeli mwanasayansi wa roketi Robert Goddard kwa kudai roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Julai 17, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini, gazeti hilo likachapisha sahihisho na kusema linajutia kosa hilo. Ilikuwa imepita miaka 49. Mwaka 2014 likasahihisha tena jina la Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, ambalo lilikuwa limelikosea tangu 1853. Mimi kwa hayo nililiamini zaidi. Na Wikipedia, pamoja na kubezwa kote, ukurasa wake una historia: unafungua, unaona neno lililotolewa, lililowekwa, na saa yenyewe. Kama watu wanaojitolea wanaweza, chumba cha habari chenye wahariri wa mshahara kinashindwa nini?

Linalonisumbua bado ni skrinshoti. Ile ya 40 inazunguka hadi sasa, na hakuna sahihisho kwenye tovuti litakaloifikia. Naona tovuti ikishasahihisha, itume sahihisho kwenye kurasa zile zile za mitandao ya kijamii ilikosambaza habari ya kwanza, na chapisho la zamani liachwe likiwa na alama kwamba limekosewa, lisifutwe. Mliowahi kufanya kazi ya uhariri, hilo lina ugumu gani?