Mashine ya vCPU 8 inaanza kwa mbio, usiku inalegea: nichague saizi gani kwa modeli ya mvua?

binti_wa_ziwani

Habarini wakuu. Niko Mwanza, nasoma shahada ya uzamili. Kazi yangu ni kuiga mvua za usiku juu ya Ziwa Victoria kwa WRF (programu ya kuiga hali ya hewa), zile radi za alfajiri zinazowakuta wavuvi katikati ya maji. Nina matukio 10 ya masika, kila moja saa 72. Gridi ya nje ni pointi 150 kwa 150, nafasi ya kilomita 9. Ya ndani ni 220 kwa 220, kilomita 3.

Laptopu ilinishinda, feni inalia kama mashine ya kusaga, nikaamua kukodi mashine kwenye wingu. Nikachukua yenye vCPU 8 (prosesa za kukodi) na RAM GB 32 kwa sababu moja tu: ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kabisa kati ya zote za vCPU 8. Kuna mahali waliuliza kama naruhusu ipite kiwango chake kwa malipo ya ziada, nikakataa. Kadi ni yangu, si ya chuo.

Niliiwasha saa 6 mchana, nikashinda nakompaili na kupakua data za GFS (utabiri wa dunia nzima wa Marekani) za kuilisha modeli. Saa 12 jioni nikaanzisha WRF. Kila hatua moja ya modeli (sekunde 54) ilikuwa inachukua kama sekunde 6. Nikasonga ugali, nikala, nikarudi kuangalia: bado 6. Kabla ya saa 4 usiku hatua hiyohiyo ikaanza kuchukua sekunde 15, na haikurudi tena. Imemaliza saa 2 na nusu asubuhi. Sikugusa kitu. RAM iliyotumika ni GB 5 tu. Nikifungua `top`, kuna sehemu inaitwa `st` inasoma karibu 60, sijui ndiyo nini.

Je, niende vCPU 16, 32, au 64 nimalizane nayo? Kuna rafiki ananiambia nichukue yenye GPU (prosesa ya michoro).

kachumbari254

Chukua 64 umalize kazi, maisha ni mafupi. GPU pia ni moto kwa hesabu nzito.

mzee_wa_terminali

Dada, usimsikilize huyo kwanza (kachumbari, bila ubaya). GPU iache kabisa. WRF ya kawaida unayopakua bure haitumii GPU, kwa hiyo utakuwa unailipia ikae pale imekunja mikono.

Mashine yako ni nzima. Imeishiwa salio tu.

Hukutaja umekodi wapi, na si lazima, maana namba zako zinajisema. Chukua 6 gawanya kwa 15, unapata 0.4. Halafu `st` yako inasoma 60, yaani ile asilimia iliyobaki. `st` ni muda ambao mashine yako ilitaka prosesa ikanyimwa na mwenye nyumba. Hiyo ni familia ya mashine za salio: AWS (wingu la Amazon) huziita T, Azure (la Microsoft) huziita B. Zinafanya kazi kama kifurushi cha intaneti. Ukikaa kimya salio linapanda, ukitumia sana linashuka, likiisha unabaki na spidi ya kujikokota.

Tupige hesabu kwa mfano wa t3.2xlarge, ambayo ina vCPU 8 na GB 32 kama yako. Pointi moja ya salio ni vCPU moja kufanya kazi kwa nguvu zote dakika moja. Hiyo mashine hupata pointi 192 kila saa. vCPU 8 zikikaza zote zinakula 480 kwa saa, kwa hiyo kila saa ya WRF inachota 288 kwenye akiba. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 12 jioni ulikusanya 1,152. Toa mia moja na ushee ulizokula kwenye kukompaili. Zilizobaki gawanya kwa 288: saa tatu na nusu hivi. Yaani saa 3 na nusu usiku. Baada ya hapo unashushwa kwenye kiwango cha kudumu, ambacho kwa saizi hiyo ni asilimia 40. Ungekubali lile swali la malipo ya ziada, spidi isingeshuka, ila bili ingepanda kimyakimya hadi asubuhi.

Mashine hizi si mbaya. Tovuti ya ofisi inayopata wageni kumi kwa saa itakaa humo vizuri sana. Kazi inayokaza prosesa usiku kucha haina nafasi humo.

Sasa herufi. Kwa kazi yako angalia C za AWS, F za Azure, au C2 na ndugu zake kwa Google. C za kawaida za AWS zina RAM GB 2 kwa kila vCPU, M zina 4, R zina 8. Wewe unatumia GB 5, kwa nini ulipie 32? Kwenye C ya vCPU 16 utapewa hizohizo 32, lakini angalau umelipia prosesa.

Hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe ulininasa. Kwenye mashine nyingi za Intel, vCPU si kiini kizima cha prosesa. Ni nusu: kiini kimoja kinachojifanya viwili. Niliwahi kuweka OpenFOAM (programu ya kuiga mtiririko wa hewa na maji) kwenye c5.9xlarge, vCPU 36, nikatamba mwezi mzima kuwa nina viini 36. Nilikuwa navyo 18. Kwa seva ya wavuti ujanja huo unasaidia, kwa sababu mmoja akisubiri diski mwenzake anafanya kazi. Kwa WRF ni wapishi wawili jiko moja: wote wanataka moto muda huohuo, na wote wanapanga foleni kwenye njia ileile ya kwenda RAM. Andika `lscpu | grep -i thread`. Ikijibu 2, gawa vCPU kwa mbili, na namba hiyo ndiyo uweke kwenye `mpirun -np`, yaani idadi ya michakato inayogawana kazi. Zipo mashine ambazo vCPU ni kiini kamili: zenye prosesa ya Graviton za AWS (c6g, c7g), c7a za AMD, na t2d za Google. Kwa hiyo ukilinganisha "16" ya c6i (Intel) na "16" ya c7g, unalinganisha viini 8 na viini 16.

Kuhusu 64: gridi yako yenye pointi chache zaidi, ile ya nje, ina 150 kila upande. Kipimo cha haraka cha watu wa WRF ni kugawa kila upande kwa 25 na kuzidisha: 6 mara 6, michakato 36. Ukipita hapo vipande vinakuwa vidogo mno, kila mmoja anatumia muda wake kupiga simu kwa jirani kumuuliza upepo uko wapi badala ya kufanya hesabu. Hilo ndilo dari lako, na bei nafuu mara nyingi iko chini ya dari.

Lakini usiniamini, pima. Weka modeli iige saa 2 tu za hali ya hewa, kwenye saizi tatu au nne, dakika chache kila moja. Kisha `grep "Timing for main" rsl.error.0000`, chukua mistari ya domain 1 (gridi ya nje), tupa michache ya mwanzo, tafuta wastani. Saa 72 zina hatua 4,800. Zidisha, geuza iwe saa, zidisha kwa bei ya saa. Unachotafuta ni bei ya tukio moja lililokamilika. Ile bei ya saa moja ndiyo iliyokuponza.

sufuria_ya_data

Naongezea mawili. La kwanza: hakuna anayekungoja upande wa pili, kwa hiyo huhitaji mashine ya karibu. Cape Town iko jirani kiasi, ila kwa AWS bei zake ziko juu kuliko kituo cha Virginia, Marekani, na GFS za NOAA (idara ya hali ya hewa ya Marekani) ziko bure kwenye ghala la wazi hukohuko Virginia. Kompyuta iende zilipo data. Kinachouma ni kutoa matokeo nje: AWS hukupa GB 100 za kwanza bure kwa mwezi, zikizidi unalipa kwa kila GB. Kata faili kulekule, shusha mvua na upepo tu.

La pili ni Spot, yaani mashine za ziada zinazokodishwa kwa punguzo. Punguzo ni kubwa, lakini mashine inaweza kuchukuliwa ukiwa katikati ya kazi. AWS hukuonya dakika 2 kabla, Azure na Google sekunde 30. Weka `restart_interval = 360` ili WRF ihifadhi hali yake kila saa 6 za modeli, na umwage mafaili hayo nje ya mashine. Akaunti mpya pia hupewa vCPU chache, omba kuongezewa kiwango leo, usingoje wiki ya kuwasilisha kazi.

mzee_wa_terminali

Spot ni sahihi, ila azoee kwanza bila Spot. Kuna jingine, haliko kwenye swali lakini litakuharibia zaidi ya saizi. Joto la maji ya ziwa umeliangalia? Pasipo data ya ziwa, programu za maandalizi zinaweza kuazima joto kutoka maji ya karibu yanayojulikana, na kwa Victoria hayo ni Bahari ya Hindi.

binti_wa_ziwani

Asanteni sana. Nimepima, bei za Virginia:

c6i.4xlarge (vCPU 16), `-np 8`: sekunde 3.2 kwa hatua, saa 4.3, dola 2.9 kwa tukio. Nilijaribu `-np 16` kwa ubishi, nikapata 3.1. Wapishi kweli wanagombana.

c6i.8xlarge (vCPU 32), `-np 16`: sekunde 1.9, dola 3.4.

c6i.16xlarge (vCPU 64), `-np 32`: sekunde 1.4, dola 5.1. Kachumbari, pole.

c7g.4xlarge (vCPU 16), `-np 16`: sekunde 2.3, saa 3.1, dola 1.8. Hii ilinigharimu siku nzima ya kukompaili upya netCDF (maktaba ya mafaili ya data) na kila kitu, kwa sababu ni ARM, aina nyingine ya prosesa. Ile yangu ya "bei chee" ilikula kama dola 4.9 kwa tukio moja, bila kuhesabu mchana iliposhinda bure.

Nimeendesha matukio manne kwenye c7g. Leo ndiyo nikakumbuka kufungua mafaili ya ingizo kuangalia ziwa. Maji ya Ukerewe yana nyuzi 29.

mzee_wa_terminali

Hiyo ni Dar es Salaam, dada.

binti_wa_ziwani

Nimeona. Nafuta yote manne, naanza upya usiku huu na wastani wa joto la ziwa lenyewe. Kwa dola 1.8 nafuta bila kulia.