Ushauri: Ubalozi wa Japani, asilimia 10 ya halmashauri au FCS? Kikundi chetu kipo Ujiji

Binti_Ujiji
Habari za jioni wadau. Sisi ni kikundi cha akina mama wenye watoto wenye ulemavu, wengi mtindio wa ubongo, tupo hapa Ujiji. Tunakutana kwenye chumba cha kuazima, na Jumamosi anakuja kijana mmoja wa fizio anatufundisha kuwafanyisha watoto mazoezi. Sasa tunataka chumba chetu wenyewe, magodoro ya mazoezi na viti vya watoto. Mwenyekiti kasema hadi mwisho wa mwezi tuwe tumechagua sehemu MOJA ya kuomba, maana anayejua kuandika andiko la kuombea fedha ni mmoja na naye ana genge lake sokoni. Zilizobaki mezani ni ubalozi wa Japani, ile ya halmashauri ya asilimia 10, na Foundation for Civil Society (FCS) ya Dar, wale wanaotoa ruzuku kwa asasi. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi? Nawasilisha.

Mwisho_wa_Reli
Japani. Usifikirie mara mbili. Wale wanapenda majengo, madarasa, zahanati, visima. Ukishapata ni jengo kweli, na kibao chenye bendera ukutani.

Mgebuka
Dada, salamu umetoa lakini yote ya muhimu umeyaficha. Mmesajiliwa wapi, halmashauri au kwa Msajili wa NGO? Mnataka shilingi ngapi? Kiwanja kipo? Cha nani? Vitabu vya hesabu mnavyo au mnaandika kwenye daftari la mtoto? Ukijibu hayo ndipo watu wakushauri. La sivyo kila mtu atakutajia kule alikopata yeye.

AsaliSikonge
Natokea Tabora, naomba niingilie. Kwenye orodha yako umesahau ile ruzuku ndogo ya mazingira ya GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayopita UNDP, shirika la maendeleo la UN. Vikundi vya mizinga huku tunaisemea vizuri, wanaelewa watu wa kijijini. Ombeni ile.

Mgebuka
@AsaliSikonge mkuu, mazingira na mtindio wa ubongo vinakutana wapi?

AsaliSikonge
Wapande miti kuzunguka kituo. Wafadhili ni kuwazungumzia lugha yao tu.

Dada_Mhasibu
Ushauri wa hivyo ndio unaoviua vikundi. Mnaombea miti pesa ya watoto, mwaka unaisha mnaulizwa miche mingapi imeshika na mtoto bado hana kiti. @Binti_Ujiji usithubutu.

Nirudi kwenye swali. Hizo tatu ulizotaja haziko kundi moja kabisa. Ile ya halmashauri si ruzuku, ni MKOPO. Hauna riba, sawa, lakini unarudishwa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024, na Kigoma Ujiji ikawekwa kwenye zile halmashauri 10 za kujaribu kupitisha fedha benki. Kwa hiyo hapo mtakutana na afisa maendeleo ya jamii na benki pia, na wote swali lao ni lile lile: biashara yenu ni nini? Chumba cha mazoezi hakiuzi kitu. Mtarejesha kwa nini?

Mama_Wawili
Akina mama wakopee sabuni au mawese, faida ndiyo ijenge chumba. Kikundi chetu cha Mwanga tulianza na sabuni ya maji, tukarejesha wote bila kusukumana. Hizi ruzuku za balozi unasubiri mpaka mtoto anamaliza darasa la saba. Mimi kura yangu ni mkopo.

Dada_Mhasibu
Mama_Wawili, heshima yako. Lakini mama wa mtoto asiyekaa mwenyewe hana hizo saa za kuchemsha mawese. Ndiyo maana wanataka kituo.

Mama_Wawili
Mwanangu, wa kwangu mmoja ana mtindio. Nachemsha naye mgongoni.

Dada_Mhasibu
Samahani mama. Sikujua.

Binti_Ujiji
Asanteni wote. Majibu: usajili wetu ni cheti cha halmashauri, kikundi cha kijamii. Pesa tulikuwa tunafikiria kama milioni 14, au 20 ikibidi. Kiwanja kipo, tulipewa na mzee mmoja wa mtaa, alitamka mbele ya watu kwenye kikao. Vitabu mhazini anavyo.

Mgebuka
"Alitamka mbele ya watu." Haya wadau, mnaona.

Mwisho_wa_Reli
Duh. Basi Japani isubiri kidogo.

Mgebuka
Isubiri sana. Ule mpango wao wa miradi midogo unajenga na kununua vifaa, ni kweli. Lakini watauliza kwanza kiwanja ni cha nani kwa maandishi. Watataka makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu, mahesabu ya nyuma, na waone mmekuwa mkifanya kazi hiyo kwa muda, si kikundi cha jana. Mshahara wa yule kijana wa fizio hawalipi, wala umeme, wala chai ya Jumamosi. Na mzee wa kiwanja akifariki kesho, watoto wake wanakuja na panga la kugawa. Nendeni serikali ya mtaa muandikishiane, mashahidi wawepo, mtoto wake mkubwa asaini. Leo, kabla ya andiko lolote.

Mzee_wa_Gungu
Wanangu, hamjambo. Mgebuka kasema kweli, ila hata ukipata pesa hujamaliza. Acha nisimulie.

Kikundi chetu cha maji na usafi tulipata fedha kutoka kwa mfadhili fulani, simtaji. Kusaini ilikuwa sherehe, picha zikapigwa, mbuzi akaliwa. Mradi ulikuwa vijiji vya kaskazini mwambao, mpaka Mwamgongo. Sasa Mwamgongo unafikaje? Gari wakati huo halikuwepo. Unapanda boti ya mbao pale Kibirizi, unakaa juu ya magunia ya watu, nahodha anakusanya nauli mkononi maji yakikurukia. Nilimwomba risiti, akacheka mpaka wenzake wakageuka. Nikamwandikia mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, akaweka dole gumba. Chakula cha semina kilipikwa na mama ntilie wa pale kijijini, wali na dagaa, mzuri kweli. Risiti? Dole gumba tena. Mbao za vyoo tulinunua kwa mpasua mbao, naye hivyo hivyo.

Mwaka ulipoisha akaja mkaguzi wao, kijana mpole, anakunywa maji ya chupa tu. Akafungua faili langu, akaanza kuchora mistari myekundu. Boti, chakula, mbao, vyote "gharama zisizokubalika", kwa kuwa mkataba ulisema kila malipo yawe na risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Mkataba tulikuwa nao, wa kurasa nyingi, wa Kiingereza, katibu alitusomea mbele tu pale penye kiasi. Tukaambiwa turudishe. Tukasema tuuze pikipiki ya mradi tulipe, wakasema pikipiki haiuzwi, ni mali ya mradi. Tukachangishana nyumba kwa nyumba. Mhazini alihamia Mpanda, simu hapokei hadi leo. Na vyoo vipo! Vinatumika! Nenda kaangalie.

Kwa hiyo mimi siulizi nani anatoa nyingi. Nauliza nani anakubali karatasi ya dole gumba.

AsaliSikonge
Mzee shikamoo. Hiyo imenikuta na mimi kwenye nta. Mwenye mizinga porini umuulize EFD?

Dada_Mhasibu
Shikamoo mzee. Pole. Mfanyabiashara mdogo halazimiki hata kuwa na mashine, kwa hiyo mfadhili anayedai EFD kwa kila kitu kijijini anadai kisichokuwepo. Hili linajadiliwa KABLA ya kusaini, linaingia kwenye mkataba: malipo ya wasio na mashine yathibitishwe kwa hati ya malipo, jina, simu, sahihi au dole, na shahidi. Wengi wanakubali ukiwauliza mapema. Ukiuliza baada ya ukaguzi umechelewa.

Mwisho_wa_Reli
Mimi nasema hivi, shida ya Kigoma imekuwa kambi za wakimbizi. Miaka yote pesa imepita juu ya vichwa vyetu kwenda Nyarugusu na Nduta, sisi tumeona magari meupe tu yakipandisha kwenda Kasulu na Kibondo.

Mama_Wawili
Si haki kusema hivyo. Kuna miradi ilichukua na wenyeji, visima vingine vya Kasulu ni vya vijiji. Ule mpango wa pamoja wa UN wa 2017 ulikuwa wa mkoa wa Kigoma, si wa kambi tu.

Mwisho_wa_Reli
Wewe ulipata nini?

Mama_Wawili
Sikuomba. Na wewe?

Mgebuka
Turudini kwa mtoa mada jamani, ya wakimbizi fungueni uzi wenu.

@Binti_Ujiji, FCS. Ni ya hapa hapa nchini, wanatangaza mwito wa maombi na unaomba wakati huo, si siku yoyote unayojisikia. Angalia mwito unasemaje, mara nyingi ni utawala bora, haki za wanawake, ushiriki wa wananchi. Haki za watoto wenye ulemavu shuleni zinaweza kuingia. Matofali sidhani. Na kwa cheti cha kikundi cha halmashauri peke yake milango mingi mtaikuta imefungwa. Fikirieni kusajili NGO ngazi ya wilaya, sheria inaruhusu, si lazima iwe ya taifa zima. Ila mkishasajiliwa kuna taarifa ya mwaka na ada ya kila mwaka. Na mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili. Hiyo "milioni 20 ikibidi" yako irudishe 14.

Kijana_Katonga
Wamarekani je? Ubalozi wao ulikuwa na mfuko wa miradi ya kujitegemea, kikundi kinachangia nguvu kazi, wao vifaa. Jamaa wa Bangwe anasema anaweza kutuandikia, anadai laki mbili za kusajili namba ya kuombea.

Dada_Mhasibu
USIMPE. Ile namba, inaitwa UEI, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao, SAM. Anayekutoza anakula. Na tangu Januari 2025 misaada yao iliposimamishwa, USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa Julai mwaka huo, mimi singeweka kikundi kimsubiri Mmarekani.

Kijana_Katonga
Anasema ana mtu ndani.

Dada_Mhasibu
Wote wana mtu ndani.

AsaliSikonge
Haya, kama miti hamtaki, kuna Waingereza wa Tanzania Development Trust, wapo chini ya Britain-Tanzania Society tangu 1975. Wanafanya kwa kujitolea, miradi midogo midogo ya vijijini. Kwa milioni 14 naona ndio saizi yenu kuliko ubalozi. Kuna na GlobalGiving, lakini hapo mnachangisha wenyewe mtandaoni. Enzi tulipojaribu ilikuwa dola 5,000 kutoka kwa watu wasiopungua 40 ndipo wakuweke kwenye tovuti yao kwa kudumu.

Mama_Wawili
Watu 40 wa Ujiji wenye kadi za benki za kulipia mtandaoni. Labda tuwakodi.

AsaliSikonge
Si lazima wa Ujiji mama, hata walioko Dar na Oman.

Binti_Ujiji
Nimesoma yote. Kiwanja kesho naenda na mwenyekiti kwa mtendaji. Ila mwenyekiti ameona huu uzi na anasema bado anataka Japani, kaona jengo walilojenga wilaya nyingine. Mhazini anataka asilimia 10 kwa kuwa "pesa ya karibu". Nikitaja Waingereza wananiangalia tu.

Mgebuka
Mwambie mwenyekiti aandike kwenye karatasi moja: nani atamlipa kijana wa fizio jengo likiisha. Akijibu hiyo, aombe popote.

Mzee_wa_Gungu
Anakuja bure huyo kijana?

Binti_Ujiji
Tunampa nauli ya bodaboda na mchele. Yeye ni wa hospitali, Jumamosi ni kwa mapenzi yake.

Mwisho_wa_Reli
Akihamishwa je?

Binti_Ujiji
Ndiyo tunaogopa.

Fundi_Maweni
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hivi viti vya watoto mnahitaji mfadhili wa nini? Kuna namna ya kutengeneza kwa maboksi na magazeti, unagandisha tabaka kwa gundi ya uji wa ngano, unapima mtoto mwenyewe, kiuno, mapaja, kichwa kinapoangukia, unakata kwa umbo lake. Kikikauka vizuri kinabeba mtu mzima. Nimekuwa fundi seremala miaka mingi, mwanzo sikuamini, nilikalia kimoja nikingoja kivunjike. Rangi ya mafuta juu ili mate na maji yasiingie.

Mama_Wawili
Kikilowa?

Fundi_Maweni
Ndiyo hiyo rangi. Na usikianike wakati wa masika, kinaota ukungu ndani. Kiangazi siku kadhaa juani kinatosha, ukigonga kinalia kama ubao.

Dada_Mhasibu
Bajeti ya viti kwenye andiko ni shilingi ngapi @Binti_Ujiji?

Binti_Ujiji
Milioni 4 na kitu. Vya chuma kutoka Dar.

Dada_Mhasibu
Milioni nne.

Kijana_Katonga
Lakini mfadhili ukimwambia maboksi si atadharau? Vya chuma vinapendeza kwenye picha.

Mgebuka
Picha zimelaza watu wengi chini mdogo wangu.

Mama_Wawili
Fundi, mimi nataka kimoja cha wangu kwanza, mfadhili aje baadaye. Unapatikana wapi?

Fundi_Maweni
Nitakutumia ujumbe ndani mama. Njoo na mtoto, siwezi kupima kwa kuambiwa. Na maboksi magumu, mengi. Yale ya tabaka mbili.

Mama_Wawili
Ya biskuti yanafaa? Duka la jumla pale Mwanga wananipa bure.

Fundi_Maweni
Ya biskuti laini. Tafuta ya mafuta ya kula au ya sabuni za mche.