Sakafu ya chumba cha nyongeza Uingereza: chipbodi juu ya povu, saruji, au mbao?

Mtu_wa_Pwani (Leicester)
Habari zenu wakuu. Tumeongeza chumba nyuma ya nyumba, mita 5 kwa 4, na jiko litahamia humo. Zege limemwagwa wiki sita zilizopita, unene milimita 150, na nailoni ya kuzuia unyevu iko chini yake. Kutoka juu ya zege hadi usawa wa sakafu ya zamani kuna mm 140. Humo ndani lazima vienee povu la kuzuia baridi, sakafu yenyewe na mbao za juu za kukanyaga.

Fundi wa kwanza anataka kulaza mabamba ya povu, kisha chipbodi (mbao za chembe zilizogandamizwa) ya mm 22 iliyoungwa kwa gundi tu, bila kupigiliwa popote. Wa pili anasema chipbodi itavimba, tumwage saruji na mchanga mm 65. Jirani naye kashauri tulaze mbao na kupachika povu katikati yake. Nataka kusikia kwa mtu ambaye ameishi juu ya sakafu hizi.

Seremala_Coventry
Mkuu, anza na kina. Kanuni za England zinazotumika tangu Juni 2022 zinataka sakafu ya chumba kipya cha nyongeza isipitishe joto zaidi ya 0.18, yaani wati kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Kwa chumba cha ukubwa wako chenye kuta tatu za nje, povu la PIR (lile gumu la mabamba) la mm 100 linakufikisha kwenye 0.17 hivi. Ukishuka hadi 75 unaangukia 0.21 hivi, na mkaguzi wa halmashauri hatakuelewa.

Sasa toa mwenyewe. Povu 100 na chipbodi 22 ni 122, zinabaki 18 za mbao za juu. Saruji ikichukua 65, povu linabaki 75 na zulia halina pa kukaa. Na zege limeshakuwa gumu, halishuki tena.

Wazo la jirani silipendi. Ubao hupitisha joto karibu mara sita kuliko povu hilo, kwa hiyo kila mstari wa mbao ni njia ya baridi.

Zai_MiltonKeynes
Mimi nina chipbodi mwaka wa saba sasa. Miguuni ni ya joto, watoto wanacheza chini Januari bila shida. Ila karibu na mlango wa bustani ilianza kubonyea na kugonga mwaka wa kwanza tu. Tulipofungua tukakuta zege lina bonde la sentimita moja, na povu limekaa juu ya hewa. Yule fundi hakuweka hata pimamaji. Niliumia sana, maana tulilipa kazi ile mara mbili. Kaka, chukua rula ndefu upime zege lako leo, kabla hujanunua kitu.

Bati_na_Zege
Naomba niisemee saruji, isije ikaonekana mbaya. Kama unaweka mabomba ya kupasha joto chini ya sakafu, saruji hulishika joto lile na kulitoa taratibu kuliko chipbodi. Kama unataka vigae pia, chipbodi inayoelea, yaani isiyofungwa chini, huchezacheza na mistari ya vigae hupasuka. Kwangu nilimwaga 65 na sijutii. Lakini subira inahitajika: mm 50 za kwanza hukauka kama milimita moja kwa siku, zinazobaki polepole zaidi. Nilihesabu siku 80 kabla ya kuweka mbao. Na utandaze nailoni juu ya povu kwanza, kwa sababu saruji mbichi hula ile karatasi ya alumini iliyobandikwa kwenye povu.

Mtu_wa_Pwani
Asanteni sana. Mabomba hatuweki, na juu tunataka mbao, si vigae. Wasiwasi wangu umebaki kwenye unyevu. Zege la wiki sita limekauka kweli?

Seremala_Coventry
Halijakauka, hata kama juu linaonekana jeupe. Nailoni yako iko chini ya zege, kwa hiyo maji yaliyomo ndani yana njia moja tu, kupanda juu. Tandaza nailoni nyingine juu ya zege, ile nene ya maikroni 300, uipandishe ukutani hadi juu ya sakafu. Hapo chipbodi imepona.

Povu lipange kama matofali, maungio yasifuatane, uyazibe kwa tepu ya alumini. Pembeni mwa kuta simamisha vipande vyembamba vya mm 25 ili baridi isipite ukingoni. Juu ya povu weka nailoni nyembamba, ya maikroni 125, kuzuia mvuke wa jikoni usishuke.

Chipbodi iwe ya daraja la P5, ile ya kuvumilia unyevu. Ilaze ndani ya chumba siku mbili izoee hewa ya humo. Mbao zake ni 2400 kwa 600, utahitaji kama 16 ukihesabu vipande vya kukatwa. Gundi ipake kwenye ulimi na kwenye mfereji wa kingo zake zinapoungana, isiwe tone hapa na tone pale, maana sakafu nzima inashikwa na gundi hiyo. Kando ya kuta zote acha mm 10 hadi 12, weka kabari za mbao, na uzitoe gundi ikishakauka. Watu wengi huzisahau, halafu sakafu ikitanuka inabinuka katikati.

Asikudanganye mtu upige skrubu hadi kwenye zege. Utatoboa nailoni zote mbili.

Zai_MiltonKeynes
Na mlangoni je? Hapo ndipo kwangu palipoharibikia.

Seremala_Coventry
Mlangoni, na chini ya kabati la katikati ya jiko kama lipo, ingiza ubao uliotiwa dawa badala ya povu, ili ukingo usining'inie na kabati lipate pa kufungwa. Hapo tu. Na P5 huvumilia unyevu, haivumilii kuloa. Bomba la mashine ya kufulia likivuja siku mbili, itavimba.

Mtu_wa_Pwani
Nimepima jana na rula ya mita 2. Sehemu kubwa iko sawa, ila katikati kuna bonde la mm 9, na kwenye kona ya bustani nundu ya 4. Nundu tunaisaga kesho. Bonde nimenunulia saruji ile nyepesi inayojisawazisha, nitaimwaga Jumamosi na kupima tena kabla ya nailoni. Fundi wa kwanza amekubali kusubiri, na mashine ya kufulia inabaki jiko la zamani.