Nampeleka mama New Zealand Januari: nianze kujiandaa na nini?

mwana_wa_mwisho

Habarini wadau. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufika kule. Januari nampeleka mama New Zealand kwa wiki tatu. Ana miaka 68, ana presha, na vidonge vyake viwili anavimeza kila siku saa mbili asubuhi. Hajawahi kukaa kwenye ndege zaidi ya saa tatu. Sasa tutapitia Doha, halafu Doha hadi Auckland bila kutua, karibu kilomita 14,500.

Huku tunakoishi Januari ni theluji, kule ni kiangazi. Tofauti ya saa ni 12 kamili, yaani saa yake ya dawa ya asubuhi kule ni saa mbili usiku. Tiketi nimekata, visa tumepata, hoteli ya Auckland nimelipia. Baada ya hapo ni mji wa Queenstown na ghuba ya Milford Sound. Mama ana picha ya Mitre Peak, mlima wa huko Milford, aliyoikata kwenye kalenda, iko kwenye mlango wa jokofu mwaka wa nne huu. Ndiyo maana sitaki nikosee. Dawa nifanyeje? Atakaaje kitini saa zote hizo? Nguo zipi?

nyayo_za_mbali

Ndugu yangu, umefanya jambo kubwa kwa mama. Mimi nilimpeleka baba akiwa na miaka 71, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Zote, usigawe. Sisi tuligawa, nusu ikaenda kwenye begi kubwa, na begi lile likabaki tulikounganisha ndege. Lilitufikia siku mbili baadaye. Baba hakulalamika, ila kila baada ya muda alikuwa ananiuliza begi limefika wapi, nami nilijua anaulizia dawa. Ziache kwenye vifungashio vyake vyenye jina lake, na ubebe cheti cha daktari. Dawa za kawaida za matumizi ya miezi mitatu wanaziruhusu.

Kuhusu saa, muulize daktari wake sasa hivi. Wetu alituandikia kwenye karatasi: dozi hii meza saa fulani kwa saa ya nyumbani, inayofuata kwa saa ya Auckland. Karatasi ile niliibandika ndani ya jalada la pasipoti ya baba. Usikae kupiga hesabu angani ukiwa na usingizi, ndipo mtu anapomeza dozi mara mbili.

Kiti, mchukulie cha kando ya njia ili asione haya kuamka. Kukaa bila kusogea zaidi ya saa nne kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini kwa umri wake ulizia soksi za kubana. Na omba kiti cha magurudumu cha uwanjani hata kama anatembea vizuri. Baba alikataa kule mwanzo, tulipofika kuunganisha ndege akaniomba mwenyewe.

Halafu viatu. Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. New Zealand wanaogopa sana udongo, mbegu na wadudu kutoka nje, kwa sababu kilimo chao na misitu yao haina kinga dhidi ya magonjwa mengi ya kwingine. Nilidhani buti zangu ni safi. Afisa akazigeuza, akachokoa katikati ya meno ya soli kwa kijiti, kikatoka kipande cha tope kikavu chenye jani la nyasi limebanwa ndani. Kwa kuwa nilikuwa nimezitaja kwenye fomu, alizichukua tu, akaziosha, akanirudishia zikiwa na maji. Mtu aliyeficha anapigwa faini. Kwa hiyo piga mswaki soli zote nyumbani, kisha vitaje kwenye fomu hata hivyo. Asali usibebe kabisa. Fomu yao ya msafiri inajazwa mtandaoni bila malipo kuanzia saa 24 kabla ya safari. Ukiona tovuti inadai hela kwa fomu hiyo, ondoka.

anga_la_kusini

Naongeza jua. Mwanzoni mwa Januari dunia ndiyo iko karibu zaidi na jua, na hewa ya kule ni safi, kwa hiyo miale inachoma kuliko kiangazi cha kaskazini. Hata kukiwa na ubaridi au mawingu unaungua. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kuzuia jua. Na adhuhuri jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukizoea kutafuta kivuli kwa mwelekeo, utakaa upande usio wenyewe. Usiku mtoe mama nje autazame mwezi. Atauona umepinduka, na upande wa kusini ataona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini.

koti_la_mvua

Milford Sound inapata zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka. Kiangazi kisiwadanganye: koti la mvua la kweli, sweta, na dawa ya kufukuza visubi, maana kule wanauma hasa. Acheni siku mbili za akiba, mlima ule hufunikwa na mawingu. Siku ya kwanza Auckland msipange chochote, mtembezeni mama mchana kwenye mwanga, usiku atalala. Na kaangalie tarehe ya hoteli. Ndege ndefu ya kwenda mashariki inakula siku, wengi huweka chumba kwa tarehe isiyo yake.

mwana_wa_mwisho

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tarehe ya hoteli nilikuwa nimekosea kweli: tunafika tarehe 11, nilikuwa nimeweka 10. Wameshanibadilishia. Daktari tunamwona Jumatano. Nimeongeza usiku mmoja Milford, mama akose mvua akose mawingu. Viatu yeye mwenyewe amevichukua. Yuko barazani na mswaki wa zamani na beseni, anachokoa soli moja moja, na amekataa nimsaidie.