Mama anatoka kituo cha mazoezi ya viungo: nyumba ya wenye dimensia au aje kwangu?

Binti_wa_Tanga (Columbus, Ohio)
Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 81. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, leo ni siku ya 16 yuko kituo cha mazoezi ya viungo. Usahaulifu alikuwa nao, ila tangu upasuaji umezidi mno. Ananiita jina la dada yake marehemu. Ofisa ustawi anataka nichague pa kumpeleka kabla ya wiki ijayo.

A: nyumba kubwa ya wenye dimensia (maradhi ya usahaulifu), dakika 10 kutoka kwangu, dola 7,200 kwa mwezi.
B: nyumba ndogo ya wazee 8, dakika 45, dola 5,900. Mhudumu mmoja wa zamu ya usiku ni Mkenya.
C: aje kwangu, nitafute mtu wa mchana.

Moyo uko C, lakini usiku unanitisha.

NesiMwandamizi
Pole sana mdogo wangu. Nimefanya kazi kwenye nyumba hizi miaka 9. Kabla ya A, B wala C, muulize daktari kama hii ni dimensia yenyewe au ni kuweweseka kwa baada ya upasuaji. Nusukaputi, dawa kali za maumivu, maambukizi ya mkojo, vyote humvuruga mzee ghafla, na kutulia huchukua wiki, pengine miezi. Apimwe mkojo, dawa zake zipitiwe moja moja. Mimi nisingesaini mkataba wa kudumu sasa. Uliza A na B kama wanapokea mtu kwa mwezi mmoja tu.

Na kawatembelee jioni, jua likizama. Hapo ndipo wagonjwa wengi huchachamaa, na ndipo utakapoona wahudumu ni wangapi kweli.

Mjomba_K
Mwanangu, angalia siku. Medicare ya kawaida, ile bima ya serikali ya wazee, hulipa siku 20 za kwanza zote. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mnachangia zaidi ya dola 200 kila siku, isipokuwa kama ana bima ya ziada. Na hizo 100 si ahadi. Wakitaka kusitisha malipo, lazima upewe barua angalau siku mbili kabla, na unaweza kukata rufaa hadi saa sita mchana ya siku inayotangulia kusitishwa. Namba ya kupiga imo kwenye barua hiyo. Usikubali kuharakishwa kwa maneno matupu.

Chumba cha A au B, Medicare hailipi. Ohio ina mpango wa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, uitwao Assisted Living Waiver, na PASSPORT kwa anayetunzwa nyumbani, ila si kila nyumba inaupokea huo wa kwanza. Hati ya uwakilishi, ya kukuruhusu kuamua kwa niaba yake, mwandikishe sasa, siku akili yake imetulia.

Mwana_Kisauni
Mimi nilichagua kama A yako. Pasafi, chakula kizuri. Kila siku naambiwa mama "anahangaika usiku", mara wanataka kumwongezea dawa. Nikaomba kulala naye. Saa kumi na moja alfajiri akainuka, akawa anapapasa ukuta, anasema "maji, maji". Alikuwa anatafuta maji ya udhu. Nikabandika karatasi juu ya kitanda: maji, choo, naumwa, udhu, na maana zake kwa Kiingereza. Wakamwekea beseni na birika. Dawa haikuongezwa.

Ningechukua B, kama utaweza kwenda hizo dakika 45 mara tatu kwa wiki.

Binti_wa_Tanga
Ahsanteni, nimelia nikisoma. Mkojo umepimwa leo, kweli una maambukizi, kaanza dawa. B wamekubali mwezi mmoja, na kesho magharibi nakwenda kukaa pale.

Karatasi nimeanza kuiandika. Tatizo, usiku mama anarudi kwenye Kidigo cha utotoni, nami nakijua cha kusalimia tu. Mwenye kujua "naumwa" na "nataka choo" kwa Kidigo aniandikie, tafadhali.